Moto na Mwanzi: Kutengeneza Ufito wa Kuvulia Samaki Nyumbani

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni mkoa wa nyanda za juu na wa bonde kwa wakati mmoja. Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Zambia, upo katika mwinuko wa takribani mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa, ambamo mito ya Songwe na Momba huishia, liko chini zaidi, kwenye takribani mita 800. (Msomaji asichanganye: iko mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja huelekea Rukwa, na wa pili, ulio mpakani mwa Malawi, huelekea Ziwa Nyasa.) Huko ziwani uvuvi mkubwa ni wa nyavu na mitumbwi. Lakini kando ya mito na mabwawa, mtu atakaye kambale au perege wa kitoweo hutumia ufito, mshipi na ndoana, na ufito wenyewe mara nyingi ni mwanzi uliokatwa kando ya njia na kutumiwa siku hiyo hiyo, ukiwa bado mbichi na umepinda.

Ufito wa namna hiyo haudumu. Makala haya hayatafundisha namna ya kuvua. Yataeleza jambo moja tu: namna joto linavyoweza kuugeuza mwanzi uliopinda ukawa ufito ulionyooka na mkakamavu, na kwa nini joto hilo hilo, likizidi au likielekezwa mahali pasipostahili, huharibu kazi na hata kumdhuru fundi.

Mwanzi ulivyoumbwa

Mwanzi si mti bali ni jamii ya nyasi. Ukiukata na kuutazama kwa makini utaona vidoadoa vingi vyeusi vilivyotawanyika katika ukuta wake. Hivyo ndivyo vifungu vya nyuzinyuzi, navyo vimesongamana zaidi upande wa nje kuliko upande wa ndani. Maana yake ni kwamba nguvu ya mwanzi imo karibu na ganda. Fundi anayeparua ganda ili ufito upendeze huwa ametupa sehemu iliyo bora na kubakiza iliyo dhaifu.

Nyuzinyuzi hizo zimejengwa kwa selulosi, nazo zimeshikamanishwa na vitu viwili vingine, hemiselulosi na lignini. Tuseme, kwa mfano, kwamba selulosi ni kama nondo katika zege, na lignini ni kama saruji inayozizunguka. Mfano huu hautoshi katika jambo moja: saruji ikishaganda hailegei tena, ilhali lignini hulegea ikipata joto na kukaza tena ikipoa. Sifa hiyo ndiyo msingi wa kazi yetu yote.

Si kila mwanzi unafaa. Ule mwanzi wa ulanzi, maarufu huko Iringa na Njombe, una kuta nene, na pingili zake nyingine karibu hazina tundu. Huo ni mzuri sana kwa ufito. Mwanzi mkubwa wa njano una tundu pana na unafaa zaidi kupasuliwa vipande. Chagua mwanzi uliofikisha miaka mitatu au zaidi, kwani ule mchanga una maji mengi na hunywea unapokauka. Ukate wakati wa kiangazi, kisha uuweke kivulini kwa majuma kadhaa ukiwa umesimama. Mwanzi uliojaa wanga huwavutia dumuzi, na ufito ulioliwa na dumuzi hakuna moto utakaouponya.

Jaribio dogo

Kabla ya kugusa ufito wenyewe, msomaji anaweza kufanya jaribio hili akiwa na sufuria na jiko. Chukua vijiti vitatu vya mwanzi vyenye unene sawa, kila kimoja kama nusu ya unene wa penseli. Kimoja kiache kikavu. Viwili viloweke usiku kucha, kisha vichemshe kwa nusu saa. Jaribu kukipinda kile kikavu kuzunguka chupa: kitakataa, au kitapasuka. Vile vilivyochemshwa vitakubali kuizunguka. Vifunge kwa kamba hapo hapo kwenye chupa, uviache vipoe na kukauka kabisa. Ukivifungua utaona kwamba vimebaki na umbo la kupinda, ingawa vimerudi nyuma kidogo. Sasa kimoja kati ya hivyo kichemshe tena bila kukifunga. Kitaanza kunyooka chenyewe.

Jaribio hili linafundisha mambo mawili. La kwanza, maji huisaidia lignini kulegea. Mwanzi uliolowa hulegea hata katika joto la maji yachemkayo, ambayo kwa Tunduma si digrii 100 za sentigredi bali ni takribani digrii 95, kwa sababu ya mwinuko. Mwanzi mkavu huhitaji joto la juu zaidi, na ndiyo maana tunautumia mkaa. La pili, umbo tulilolipata kwa joto si la milele. Joto na unyevu vikikutana tena, mwanzi hukumbuka umbo lake la zamani. Hivyo ufito usiopakwa vanishi, ukilowa kutwa mtoni na kisha kuachwa juu ya bati lenye jua kali, utajipinda tena, na mwenyewe atalaumu mwanzi.

Kunyoosha juu ya makaa

Ufito wa kawaida una urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Washa mkaa na usubiri mpaka ndimi za moto zimekwisha na makaa yamevaa majivu. Moto wa kuni hautufai, wala koroboi, kwa kuwa mwali wake hauungui kikamilifu na huacha masizi yanayoficha rangi ya mwanzi. Nasi rangi ndiyo inayotuambia hali ya kazi.

Shika ufito sentimita 15 hivi juu ya makaa, mahali palipopinda, uuzungushe bila kukoma na kuusogeza huku na huku. Baada ya muda ganda litaanza kung'aa kwa nta inayotoka kama jasho. Ipanguse kwa kitambaa kikavu. Kisha ganda hubadilika kutoka kijani kuwa njano, na mkono utahisi mwanzi umeanza kutii. Utoe motoni, uukaze juu ya goti lililofunikwa kitambaa kizito au katika pengo la ubao uliochongwa, uupindishe kupita kidogo pale panaponyooka, kisha ushikilie. Kushikilia huku ndiko kunakowashinda wengi. Lignini haikazi papo hapo. Usiuachie mpaka uweze kuugusa mwanzi bila kusikia moto, au uupanguse kwa kitambaa chenye maji ili upoe upesi. Anza na pingili, umalizie na vifundo, kwa kuwa nyuzinyuzi za kwenye kifundo hazikulala sambamba nazo hupasuka upesi.

Ukiona rangi ya kahawia iliyokoza umechelewa. Zaidi ya digrii 200 hivi hemiselulosi huharibika kwa kasi, na mwanzi huwa mkavu wa kuvunjika. Wengine hujaribu kuisugua sehemu iliyoungua kwa msasa ili isionekane. Hesabu inaonyesha hasara yake. Ukakamavu wa ufito usio na tundu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ufito wa milimita 10 ukisuguliwa ukabaki milimita 9, haukupungua sehemu moja ya kumi bali umepoteza zaidi ya theluthi moja ya ukakamavu wake, na pale ndipo utakapovunjika siku kambale mzito atakapoushika.

Pingili inayolipuka

Pingili yenye tundu ni chombo kilichozibwa pande zote mbili. Ndani yake mna hewa na unyevu. Unyevu huo ukifika digrii 150, mvuke wake husukuma kwa kanieneo karibu mara tano ya ile ya hewa ya kawaida. Ukifika digrii 180, karibu mara kumi. Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa vitabu, lakini aliyasadiki siku pingili moja ilipolia kama fataki uani na kurusha makaa hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Hakuna aliyeumia, ila kwa bahati tu.

Kinga yake ni rahisi. Pasha nondo ya milimita 6 mpaka iwe nyekundu, uipitishe ndani ya mwanzi kutoka upande wa shina ili itoboe viwambo vya vifundo kimoja baada ya kingine. Pale ambapo nondo haifiki, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto katika kila pingili, upande mmoja tu. Funika macho kwa miwani, na watoto wakae mbali.

Iko hatari nyingine isiyolia wala kunuka. Miezi ya Juni na Julai Tunduma na Mbozi huwa na baridi kali, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani afanyie kazi huko huku akiota moto. Mkaa unaoungua katika hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu na kuzizuia kubeba oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Kazi hii ni ya nje, hata kama kuna baridi.

Kuoka na kipimajoto cha fundi redio

Mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba, hasa kwa ajili ya ncha, unaweza kuokwa. Njia hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1840 huko Easton, Pennsylvania, Marekani, fundi bunduki Samuel Phillippe alitengeneza fito kwa kuunganisha vipande vya mwanzi vilivyochongwa, na baadaye mafundi wa huko wakapendelea mwanzi kutoka kusini mwa China. Marekani ilipoifungia China biashara mwaka 1950, mwanzi huo ukakosekana, na fito za nyuzi za kioo zikashika nafasi yake upesi.

Kuoka ni kuviweka vipande katika takribani digrii 180 kwa dakika chache, mpaka viwe na rangi ya asali nyepesi. Unyevu hutoka, na mwanzi huwa mkakamavu zaidi. Chukua bomba jeusi la chuma lisilopakwa zinki, kwani zinki iliyochomwa sana hutoa moshi wenye sumu. Lilaze juu ya makaa na uligeuze mara kwa mara.

Swali ni: bila kipimajoto, tutajuaje kwamba tumefika digrii 180? Jibu linapatikana kwa fundi redio au fundi simu yeyote. Waya wa lehemu ya bati na risasi, ule wa mchanganyiko wa 60 kwa 40, huanza kulainika kwenye digrii 183 na huwa umeyeyuka wote ufikapo takribani digrii 190. Weka kipande kidogo juu ya kibati ndani ya bomba. Kikianza kung'aa na kujikunja kuwa tone, ondoa bomba motoni. Hakikisha tu kwamba si lehemu isiyo na risasi, kwani hiyo huyeyuka zaidi ya digrii 215, na vipande vyako vitakuwa vimeungua. Nawa mikono baadaye, wala kibati hicho kisirudi jikoni, kwa kuwa risasi ni sumu.

Pete na gundi

Pete za kupitishia mshipi hufungwa kwa uzi na kupakwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Epoksi haikauki kama rangi. Hukaza kwa mabadiliko ya kikemia, nayo hupungua kasi kama nusu kwa kila digrii kumi za baridi. Ndiyo maana gundi iliyokaza kwa siku moja huko bondeni itabaki kunata Tunduma asubuhi ya Julai. Dawa si kuichoma. Itumbukize mirija ikiwa imefungwa katika maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya, kisha uuweke ufito katika chumba chenye joto. Vipovu vikibaki juu ya gundi, pitisha mwali wa taa ya spiriti kwa mbali na kwa haraka. Joto huifanya gundi iwe nyepesi na vipovu hupanda na kupasuka. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri juani, hivyo usiongeze spiriti kamwe kabla ya kuhakikisha kwamba taa imezimika.

Wenye fito za kiwandani za nyuzi za kioo au kaboni wawe waangalifu zaidi. Fito hizo zimeshikamanishwa na utomvu wa kikemia, na joto linaloufaa mwanzi huziunguza. Pete ya ncha ikilegea, pasha joto pete yenyewe ya chuma, si ufito, upake gundi ya moto kidogo na kuivalisha. Gundi hiyo hulainika upesi, hivyo usiuache ufito ndani ya gari lililofungwa juani. Tena kaboni hupitisha umeme: unapotembea kuelekea mtoni chini ya nyaya, ubebe ufito wa aina hiyo ukiwa umelazwa, na mvua ya radi ikianza kunguruma uuweke chini na uondoke kando ya maji.