Mchezaji Mrefu Chini ya Kikapu

Jioni katika kijiji cha Arash, wilayani Ngorongoro, ng'ombe hurudi bomani na ukamuaji huanza. Mtoto aliyewekwa kulinda mlango wa zizi la ndama ana kazi isiyo ndogo, kwa maana ndama akisikia sauti ya mamaye hutaka kupenya akanyonye maziwa yote. Mtoto mwerevu hashindani naye kwa nguvu. Hutangulia mlangoni, hutanua miguu na kukunja magoti kidogo, na ndama afikapo hukuta nafasi imekwisha kutwaliwa. Achelewaye, ajapokuwa na nguvu, husukumwa akaanguka.

Jambo hili ndilo msingi wa kazi ya mchezaji wa kati katika mpira wa kikapu. Mchezo huo ulibuniwa na mwalimu James Naismith mwaka 1891 katika mji wa Springfield, nchi ya Marekani. Kila upande huwa na watu 5 uwanjani, na kikapu hutundikwa futi 10 juu ya ardhi. Mchezaji wa kati kwa desturi ndiye mrefu kuliko wenziwe, na mahali pake ni karibu na kikapu. Basi watu hudhani kwamba mtu mrefu hana la kujifunza. Dhana hiyo si kweli, kwa kuwa ana mambo manne ya kujifunza.

La kwanza ni nafasi. Sheria humkataza kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo lililochorwa mbele ya kikapu, wakati wenziwe wana mpira. Kwa hiyo husimama ukingoni mwa eneo hilo, mgongo wake ukielekea kikapu, miguu imetanuka, magoti yamekunjwa, na mkono mmoja ameuinua ili mwenziwe aone pa kumtupia mpira. Akisimama wima kama mlingoti, hata mtu mfupi aweza kumwondosha.

La pili ni miguu. Akiisha kupata mpira asifanye haraka. Aushike kwa mikono miwili karibu na kidevu, viwiko vikiwa nje, kwa maana akiushusha chini wafupi watampokonya. Kisha asikilize kwa mgongo wake mpinzani ameegemea upande gani. Akiwa ameegemea kulia, njia ya kushoto i wazi. Hapo mguu mmoja hukaa imara kama kigingi, na ule mwingine huzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba katika kigingi hicho. Kigingi kikihama kabla mpira haujadundwa, hilo ni kosa, na mpira hupewa wapinzani.

La tatu ni mkono. Mpira hutupwa kwa mkono ulio mbali na mpinzani, ili mwili wenyewe uwe ukuta katikati. Basi ajuaye mkono wa kulia tu amejua nusu ya kazi.

La nne ni macho. Wapinzani wawili wakimjia pamoja, yuko mwenziwe mmoja aliyeachwa peke yake. Amtafute huyo na kumpa mpira.

Mwaka 1942 kijana mmoja mrefu, George Mikan, aliingia Chuo Kikuu cha DePaul mjini Chicago, naye miguu yake ilikuwa mizito. Mwalimu wake alikuwa Ray Meyer. Alimwamuru aruke kamba, afanye mazoezi ya ngumi na kucheza dansi, mpaka miguu ikawa myepesi. Tena alimfanya atupe mpira kikapuni upande wa kulia kwa mkono wa kulia, audake, kisha upande wa kushoto kwa mkono wa kushoto, mara nyingi pasipo kupumzika. Hata mwaka 1951 ligi ya Marekani ilipanua eneo la mbele ya kikapu kutoka futi 6 hata futi 12, ili Mikan asipate kusimama karibu mno.

Hakeem Olajuwon, aliyezaliwa Lagos, Nijeria, mwaka 1963, alikuwa mlinda mlango wa mpira wa miguu kabla ya kujua kikapu. Wepesi wa miguu alioupata huko aliuchukua mpaka Houston, akawa bingwa mwaka 1994 na tena mwaka 1995.

Tanzania nayo ina mwanawe. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ana urefu wa futi 7 na inchi 3. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifiwa sana kwa kuzuia mipira ya wapinzani, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi kuu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Walakini alifunga kidogo. Mwaka 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena katika ligi kuu. Hili si jambo la kumcheka, kwa kuwa alifungua njia isiyokuwapo. Bali lafundisha kwamba kuzuia na kufunga ni kazi mbili mbalimbali, na ajuaye moja hajajua nyingine.

Kijana mrefu wa Arash aweza kuanza leo, hata pasipo kikapu. Achore duara ardhini, asimike mguu mmoja, auzungushe wa pili kulia na kushoto, kila siku. Urefu mtu hupewa, lakini wepesi wa miguu hutafutwa.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto alindaye ndama hutangulia mlangoni?
2. Mchezaji wa kati hutambuaje njia iliyo wazi?
3. Mwalimu Meyer alimfundisha Mikan mambo gani, na kwa sababu gani?
4. Kisa cha Thabeet chafundisha nini?
5. Eleza maana ya maneno haya: kigingi, mlingoti, kudaka.