SOMO LA USALAMA: SOKETI ILIYOCHOKA NYUMBANI



Tumezoea masomo ya mashine za kiwandani na dawa za shambani. Leo tunaingia nyumbani, katika kambi za mashamba ya chai na miwa hapa Uganda. Mfanyakazi akitoka zamu salama, kisha moto ukamkuta usingizini, watoto wake wamepata hasara ile ile.

Soketi huchakaa kama kiatu. Nyuma ya kila tundu mna vibati vya shaba vyenye springi, navyo ndivyo vinavyobana pini za plagi. Kila tunapochomeka na kuchomoa, vibati hivyo hulegea kidogo. Vikishalegea, pini huvigusa kwa sehemu ndogo tu. Umeme unaokwenda kwenye pasi ni ule ule, lakini sasa unapita mahali pembamba, na hapo hupata moto. Joto hilo nalo huzidi kulegeza springi. Basi soketi hujila yenyewe miezi mingi kabla mtu hajaona moshi.

Wengi husema, "Fyuzi ipo, mambo yakizidi itakatika." Hapa tuelewane vizuri. Fyuzi huangalia wingi wa umeme unaopita. Joto la soketi hailijui. Birika la wati 2000, kwa umeme wetu wa volti 240, hutumia ampea 8 na kitu. Fyuzi ya ampea 13 haina sababu ya kukatika. Soketi inaungua, na fyuzi ni nzima.

Kwa hiyo tutumie mikono, pua na masikio yetu. Plagi ikichezacheza, au ikining'inia kwa uzito wake, soketi hiyo imekwisha. Baada ya kupiga pasi, gusa plagi kwa mgongo wa mkono mkavu. Uvuguvugu kidogo si ajabu, lakini joto la kukufanya uondoe mkono ni onyo. Mlio wa kuchachatika, cheche, bamba lililopasuka, alama ya kahawia kuzunguka tundu: yote hayo ni onyo. Na plastiki ya soketi inapoungua polepole mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki. Mtu atamtafuta samaki aliyeoza chini ya meza siku nzima, kumbe yuko ukutani!

Ukigusa pasi ukapata ganzi au kurushwa, hapo usisubiri. Zima meinswichi. Huenda pasi inavujisha umeme, na huenda waya wa kwenda ardhini umekatika au haukuwekwa tangu mwanzo. Kubadilisha soketi peke yake hakutaponya ugonjwa huo.

Iko desturi nyingine tusiyoipenda. Chaja ya simu ya pini mbili haiingii, basi mtu huchomeka kijiti au kifuniko cha kalamu katika tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Vifuniko hivyo viliwekwa kuzuia vidole vya watoto. Vikiharibika vinabaki wazi, na chaja yenyewe haishiki vizuri. Adapta nzuri ni ghali kuliko kijiti, lakini inunuliwe.

Sasa tufike penye ugomvi. Katika kambi moja tunayoifahamu, wafanyakazi walipolalamika walijibiwa kwamba wao ndio wanaounguza soketi kwa majiko ya umeme. Tuseme kweli: pasi ya wati 1200, birika la 2000 na jiko la 1500 katika soketi moja ni wati 4700, karibu ampea 20. Soketi ya ampea 13 haiwezi, na mwenye kufanya hivyo aache leo. Lakini birika moja ndiyo kazi soketi iliyotengenezewa. Ikiungua kwa birika moja, imechakaa au fundi hakukaza skrubu za nyaya, na mwenye nyumba ndiye wa kuitengeneza.

Ushahidi upo katika soketi yenyewe. Iliyolegea mara nyingi huungua upande wa tundu moja tu. Umeme ukizidishwa, mara nyingi waya wenyewe hukauka ganda kwa urefu. Kwa hiyo soketi iliyoungua isitupwe. Fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme akiitoa, mwakilishi wa tawi aipokee na kuiandikia namba ya nyumba na tarehe.

Tusifungue soketi wenyewe kwa kisu cha jikoni, hata kama fundi anachelewa wiki mbili. Iachwe bila kutumiwa. Kila tawi lipite nyumba kwa nyumba na daftari, liandike namba ya nyumba, chumba, dalili na siku ilipoonekana. Orodha iandikwe nakala mbili: moja kwa meneja, naye aitie sahihi ya kuipokea, na ya pili ibaki kwa katibu, kwani hiyo ndiyo atakayoitaka afisa wa kazi wa wilaya shauri likifika kwake.