Mada: Jinsi Kiini cha Mfumo Endeshi Kinavyoongeza na Kuondoa Kumbukumbu

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza tofauti kati ya kuongeza kumbukumbu na kuiwasha;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua za kuongeza na za kuondoa kumbukumbu;
(c) kueleza kwa nini kuondoa ni kugumu kuliko kuongeza;
(d) kukokotoa nafasi inayotumiwa na maelezo ya kurasa.

Utangulizi

Katika maabara ya shule, ukitaka kuongeza RAM unazima kompyuta, unachomoa waya wa umeme, unapachika kadi na kuwasha upya. Sasa fikiria seva ya benki inayohudumia wateja usiku na mchana. Ikizimwa, hakuna anayetoa wala kutuma fedha. Kwa hiyo baadhi ya seva kubwa zimetengenezwa ili kumbukumbu iongezwe au iondolewe huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Jambo hilo hufanyika pia katika mashine pepe, ambako msimamizi huipa mashine moja kumbukumbu zaidi na kuipunguzia nyingine. Mfano tutakaoutumia ni kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991.

TAHADHARI: Usijaribu kamwe kuchomoa RAM ya kompyuta ya kawaida ikiwa imewaka. Kompyuta hizo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Utaharibu kifaa na kupoteza data.

Dhana za msingi

1. *Kiini* ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa rasilimali za kompyuta, yaani prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine, kwa programu zinazozihitaji.

2. *Ukurasa* ni kipande kidogo cha kumbukumbu. Katika kompyuta za aina ya x86-64 ukurasa wa kawaida una kilobaiti 4.

3. *Sehemu* ni fungu la kurasa nyingi zinazofuatana. Katika x86-64, Linux hutumia sehemu za megabaiti 128.

4. *Bloku* ni sehemu moja au zaidi zinazowashwa au kuzimwa kwa pamoja. Kila bloku huonekana kama folda ndani ya /sys/devices/system/memory, kwa majina kama memory0, memory1 na kuendelea. Ndani yake mna faili liitwalo state, linaloonyesha kama bloku imewashwa au imezimwa.

5. *Kanda* ni kundi la kurasa zenye matumizi yanayofanana. Kwa mada hii kumbuka mbili: kanda ya kawaida, ambayo kiini kinaweza kuitumia kwa mahitaji yake chenyewe, na kanda ya kurasa zinazohamishika.

Hatua za kuongeza kumbukumbu

Kazi hii ina awamu mbili. Watahiniwa wengi huzichanganya.

*Awamu ya kwanza: kuongeza.* Kiini hupewa taarifa kwamba kuna kumbukumbu mpya na anwani zake. Kisha huandaa jedwali la kuifikia, hutenga nafasi ya maelezo ya kila ukurasa, na kuunda bloku zake. Mpaka hapa hakuna programu inayoweza kuitumia.

*Awamu ya pili: kuwasha.* Msimamizi huandika neno "online" katika faili la state, au kiini hufanya hivyo chenyewe kama kimepangwa hivyo. Kurasa huwekwa katika kanda mojawapo na kukabidhiwa kwa mgawaji wa kumbukumbu. Sasa ndipo jumla ya kumbukumbu inayotumika huongezeka.

Linganisha na darasa jipya shuleni. Fundi akimaliza kujenga, jengo lipo, lakini hakuna mwanafunzi anayesoma humo mpaka liingizwe kwenye ratiba. Kuongeza ni kujenga. Kuwasha ni kuingiza kwenye ratiba.

Mfano wa hesabu

Seva ya x86-64 imeongezewa gigabaiti 16. Maelezo ya kila ukurasa huchukua baiti 64. Tafuta nafasi inayochukuliwa na maelezo hayo.

Kurasa katika sehemu moja = (128 × 1024) ÷ 4 = 32,768
Maelezo ya sehemu moja = 32,768 × 64 = baiti 2,097,152 = megabaiti 2
Idadi ya sehemu = (16 × 1024) ÷ 128 = 128
Jumla = 128 × 2 = megabaiti 256

Zingatia: kwa kawaida nafasi hii hutoka katika kumbukumbu iliyokuwapo kabla. Ndiyo maana mashine iliyoishiwa kabisa inaweza kushindwa hata kupokea nyongeza. Linux ina mpangilio unaoruhusu maelezo hayo kuhifadhiwa ndani ya kumbukumbu mpya yenyewe.

Hatua za kuondoa kumbukumbu

Mpangilio hugeuzwa: kuzima kwanza, kuondoa baadaye.

1. Kiini hutenga kurasa za bloku ili zisigawiwe tena kwa programu yoyote.
2. Kurasa zenye data huhamishwa. Data hunakiliwa kwenye ukurasa ulio wazi mahali pengine, kisha jedwali la anwani hurekebishwa. Programu huendelea kutumia anwani ileile bila kujua kwamba data imehama.
3. Bloku ikibaki tupu huzimwa, na hali yake huwa "offline".
4. Kiini hufuta bloku, maelezo ya kurasa zake na jedwali la kuifikia. Sasa kifaa kinaweza kuchomolewa.

Kwa nini kuondoa ni kugumu?

Kurasa za programu huhamishika, lakini nyingi za kiini chenyewe hazihamishiki, kwa mfano majedwali ya anwani. Ukurasa mmoja wa namna hiyo ukiwa ndani ya bloku, kuzima kunashindikana. Vilevile, kama hakuna nafasi ya kutosha kwingine, data haina pa kwenda.

Suluhisho ni kuweka kumbukumbu inayotarajiwa kuondolewa katika kanda ya kurasa zinazohamishika, kwa kuandika "online_movable" wakati wa kuiwasha. Hata hivyo, kanda hii ikiwa kubwa mno kuliko ile ya kawaida, kiini kinaweza kukosa nafasi kwa mahitaji yake ilhali kumbukumbu tele iko wazi. Msimamizi hana budi kuweka uwiano.

Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba kumbukumbu hutumika mara tu inapopachikwa. Sharti iwashwe.
- Kuandika kwamba data hufutwa wakati wa kuzima bloku. Data huhamishwa.
- Kuanza na kuondoa kabla ya kuzima. Ukigeuza mpangilio, unapoteza alama.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kuongeza na kuwasha kumbukumbu. (alama 4)
2. Msimamizi amejaribu kuzima bloku akashindwa. Toa sababu mbili. (alama 4)
3. Seva ya x86-64 imeongezewa gigabaiti 8. Kokotoa nafasi ya maelezo ya kurasa. (alama 5)

Majibu kwa ufupi

1. Kuongeza ni kiini kuitambua kumbukumbu na kuiandalia majedwali na maelezo. Kuwasha ni kukabidhi kurasa zake kwa mgawaji ili zitumike.
2. Bloku ina ukurasa usiohamishika. Hakuna nafasi ya kutosha ya kuhamishia data.
3. (8 × 1024) ÷ 128 = sehemu 64; 64 × 2 = megabaiti 128.

Ukikosa swali la 2, rudia sehemu ya kuondoa kumbukumbu kabla ya kuendelea na mada inayofuata.