Dondoo Muhimu: Vanishi ya Kung'aa kwenye Picha Iliyokamilika
Picha za mtindo wa Tingatinga, ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, huchorwa kwa rangi inayong'aa yenyewe, ya aina inayopakwa baiskeli, hivyo kwa kawaida hazihitaji vanishi. Ile ya mbao, ambayo hugeuka manjano, huziharibu tu. Picha ya rangi za mafuta za wasanii husubiri miezi 6 hadi 12, ndipo ipakwe vanishi inayoondoleka, yaani inayoweza kuyeyushwa baadaye bila kugusa rangi. Katika nyanda za juu za Tumati, zenye vumbi la kiangazi na asubuhi za baridi, inafaa ipakwe mchana, chumbani palipopigwa deki, picha ikiwa imelazwa, kwa brashi pana isiyorudiarudia, kwani vanishi iliyoanza kushika ikiguswa huacha michirizi.