Kisu Kigumu Bado Hakijaiva



Hapa Msalato tuko watatu tunaotengeneza visu jioni, kwa kupenda tu. Juzi tulionyeshana kazi: mwenzangu mpini wa mninga, mimi kisu cha jikoni kutokana na spring kuukuu ya gari.

Chuma hicho tunakipasha hadi sumaku isikishike tena, karibu nyuzi 770 za selsiasi, tunakiongezea moto kidogo, halafu tunakizamisha kwenye oili. Kinakuwa kigumu hata tupa inateleza. Mgeni atasema tayari. Wapi! Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama kigae. Tunakisugua king'ae, kinarudi kwenye joto la taratibu, kama nyuzi 200, mpaka kipate rangi ya nyasi kavu. Ugumu unapungua kidogo, na hapo ndipo kinafaa kwa kazi.

Someni Yoshua bin Sira 38:28, mhunzi yupo pale na fuawe yake; mwishoni mwa sura sala ya mafundi inaunganishwa na kazi yao.

Nawaza tunavyotoka mafungo tukiwaka, kisha nyumbani tunamkemea mama aliyesinzia kwenye rozari. Kwenye jumuiya yenu, nani amewahi kukatwa na ukali huo?