Kisu cha Mhunzi wa Mang'ola: Kukinunua, Kukibeba na Kukitunza

Anayetaka kukusanya visu vya asili katika wilaya za Karatu na Ngorongoro aanzie kwa wahunzi wa Kidatoga, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Ukifika Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu, tafuta mwongozaji wa pale pale akupeleke kwenye boma la mhunzi. Hawa ndio wanaowafulia majirani zao Wahadzabe vichwa vya mishale na visu, na malipo ya tangu zamani ni asali.

Kaa utazame kazi kabla ya kuuliza bei. Kijana mmoja anavukuta viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, mkono mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka, na makaa yanaiva mekundu. Mhunzi anachomoa chuma kwa koleo na kukiponda juu ya fuawe kabla hakijapoa. Malighafi yote ni chuma chakavu: misumari mikubwa, vipande vya nondo, springi za magari. Makufuli mabovu na koki za shaba huyeyushwa kuwa bangili.

Hapo ndipo pa kuuliza swali lenye maana: "Mzee, hiki umekifua kwa chuma gani?" Msumari una kaboni kidogo, hivyo kisu chake kitapendeza ukutani lakini makali yatakufa upesi. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, na ikitiwa maji vizuri hushika makali muda mrefu. Ndiyo sababu sime nyingi za Wamasai hufuliwa kwa springi hizo. Ukitaka kisu cha kazi, ongeza fedha upate cha springi.

Visu vya wahunzi hawa havikunjwi. Hukaa kwenye ala ya ngozi. Kisu cha kukunja kililetwa na wageni. Okapi, kwa mfano, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ukikuta kisu kikuukuu cha kukunja mnadani, kifungue polepole na ukijaribu kukitikisa ubavuni. Ribiti ikilegea, kisu kitajifunga juu ya vidole vyako. Kikifungwa, ncha izame yote ndani ya mpini, la sivyo itatoboa mfuko na paja.

Mpini ndio unaowaponza wengi. Wa mti au wa pembe ya ng'ombe hauna tatizo. Ukiambiwa ni jino la ngiri, pembe ya nyati au ya tembo, rudisha hapo hapo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inavihesabu vitu hivyo kuwa nyara, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa, hata kama hukumuua mnyama. Vilevile usiokote jiwe lenye makali Olduvai, ambako baadhi ya zana za mawe zina umri wa karibu miaka milioni 1.8. Hizo ni mali za kale zinazolindwa na sheria tangu 1964, na jiwe lililotolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari zake.

Kubeba nako kuna adabu yake. Mmasai mwenye sime kiunoni akichunga ng'ombe Ngorongoro yuko kazini. Wewe ukiivaa stendi ya Karatu unawatisha watu, na Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia hofu. Kisu ulichonunua kiingie kwenye ala, kifungwe kwa kitambaa, kikae ndani ya begi. Usikifunge kwa mfuko wa plastiki: mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tena hutunza unyevu na kuleta kutu. Kama unapanda ndege, kitie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kamwe si la mkononi. Anayempelekea ndugu yake ng'ambo aulize kwanza sheria za huko: Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, ndicho kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila kutoa sababu.

Nyumbani, kipanguse kwa kitambaa kikavu na upake mafuta mepesi. Usikihifadhi ndani ya ala miaka na miaka, kwa sababu ngozi huvuta unyevu na kula chuma. Viweke ala na kisu kando kando. Weusi wa chuma kilichozeeka usiusugue kwa msasa. Ni sehemu ya umri wake, na ukishautoa haurudi.

Kisha andika kwenye daftari kijiji, mwaka, aina ya chuma, na jina la mhunzi akikuruhusu. Visu vingi vilivyomo majumbani mwa watu havina habari hata moja ya aliyevifua. Mlipe mhunzi mwenyewe, mkononi, bei mliyokubaliana, na usipige picha kabla hujaomba.