Kuchagua Gurudumu la Baiskeli kwa Mwenye Fedha Kidogo

Somo langu leo ni la chombo ambacho wengi wetu twakitumia kila siku, lakini wachache wanakijua: gurudumu la baiskeli. Nataka kueleza jinsi mtu mwenye fedha kidogo anavyoweza kuchagua gurudumu lililo bora kuliko alilo nalo, asidanganywe na rangi wala na jina lililoandikwa ubavuni.

Mimi nakaa Musaga, upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, ng'ambo ya mto Muha. Kwetu tambarare ni haba. Ukiteremka unaelekea ziwa Tanganyika, ambalo liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda barabara ya taifa namba 7 unaelekea Ijenda, ambako ni zaidi ya mita 2,000. Baiskeli yangu ni ya mlimani, ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26. Siku tatu kwa juma napanda nayo vilimani kununua viazi na mboga, nateremka kuviuza, na faida yake ndiyo inayolipa karo ya wadogo zangu wawili. Basi gurudumu likivunjika, si mimi peke yangu nitakayekwenda kwa miguu. Wapo watoto wawili watakaorudishwa nyumbani.

Mwaka huu gurudumu la nyuma lilifika mwisho wake. Spoki zilikatika moja baada ya moja, na akseli ikapinda. Fedha niliyokuwa nimeweka ilitosha kununua magurudumu mawili ya bei rahisi, yenye kung'aa, au gurudumu moja zuri. Je, ningechagua lipi? Kabla ya kujibu, na tutazame kwanza gurudumu lenyewe linavyofanya kazi.

Gurudumu lina sehemu tatu: rimu, yaani duara la nje linaloshika tairi, habu, yaani kile kikombe cha katikati chenye gololi na akseli, na spoki, zile nyuzi za chuma ziunganishazo viwili hivyo. Mafundi wa kwetu, kwa kuwa wamezoea Kifaransa, huita rimu janti, na spoki rayoni. Watu wengi hudhani kwamba habu imesimama juu ya spoki za chini kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo. Sivyo. Spoki ni nyembamba, kiasi cha milimita 2. Ukiisukuma kwa ncha yake inapinda mara moja. Nguvu yake ni katika kuvutwa. Fundi akizikaza, zote huvuta rimu kuelekea katikati. Uzito ukija, spoki zilizo chini hulegea kidogo, kisha zikikwisha kupita chini hukaza tena.

Sasa tupige hesabu. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja huenda kiasi cha mita 2.05. Basi katika kilomita 1 huzunguka karibu mara 490, na katika safari ya kilomita 20 karibu mara 9,800. Kila spoki hulegea na kukaza mara hizo zote. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku: hakikatiki mara ya kwanza, bali hukatika kikiisha kuchoka. Ndivyo spoki ikatikavyo, na mara nyingi hukatika pale inapopinda kuingia katika habu. Tena spoki iliyolegea huchoka upesi kuliko iliyokazwa vizuri, maana huchezacheza mno. Kwa hiyo mtu alegezaye spoki ili zisikatike, anazikata mwenyewe.

Gurudumu la nyuma lina taabu kuliko la mbele. Hubeba zaidi ya nusu ya uzito, na ukifunga gunia nyuma hubeba karibu gunia lote. Huvutwa na mnyororo. Tena gia zimekaa upande wa kulia, zikaisukuma habu kushoto, hata spoki za kulia zikakazwa sana na za kushoto zikawa na mvuto mdogo. Ndiyo sababu spoki ikatikapo, aghalabu ni ya nyuma. Gurudumu la mbele nalo lina kazi yake kubwa, nayo ni kusimamisha. Unapofunga breki katika mteremko uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayokuokoa.

Haya, tuje katika kuchagua. Jambo la kwanza ni kipimo. Usiseme tu "inchi 26", maana jina hilo lina vipimo zaidi ya kimoja. Soma ubavuni mwa tairi. Ukiona 559, hicho ndicho kipimo cha baiskeli nyingi za mlimani za inchi 26. Ukiona 590, hiyo ni tairi ya 26 kwa 1 3/8, na haiingii katika rimu ya 559 hata ukiipiga nyundo. Ya inchi 27.5 ni 584, na ya inchi 29 ni 622. Kama breki zako zinabana rimu, usibadili kipimo, kwa sababu vipande vya breki havitaifikia rimu mpya. Kisha pima kwa rula nafasi ya akseli kati ya miguu miwili ya nyuma ya fremu. Katika baiskeli nyingi za mlimani za zamani ni milimita 135, na mbele ni 100. Gurudumu la 135 usilisukumize katika fremu ya alumini ya 130, maana alumini haipendi kutanuliwa. Na kabla ya kulipa, tembelea maduka ya mtaani kwako uone ni tairi gani zinazouzwa. Gurudumu lisilo na tairi ni pambo la ukutani.

Jambo la pili ni rimu. Ziko za chuma zilizopakwa kromi, na ziko za alumini. Ya chuma ina nguvu, lakini ikilowa maji breki huteleza juu yake, na kwetu mvua hunyesha tangu Oktoba hata Mei. Chagua alumini. Katika alumini pia kuna za ukuta mmoja na za kuta mbili. Ondoa tairi na utepe wa ndani utazame: ukiona kwamba vichwa vya spoki vimezama katika mashimo marefu, chini ya sakafu ya pili, hiyo ni ya kuta mbili, nayo haipindi upesi ikigonga jiwe. Ikiwa rimu ni ya mtumba, weka ukingo wa rula juu ya ubavu unaobanwa na breki. Ukiona ubavu umebonyea kama kijiko, iache, hata ukipewa bure. Ukuta uliolika waweza kupasuka mteremkoni.

Hapa na tukumbuke somo la fizikia. Mimi, baiskeli na viazi, jumla yetu ni kilo 120. Tukiteremka mita 500 kwenda chini, nguvu inayotoka ni 120 mara 9.8 mara 500, yaani jouli 588,000. Sehemu huchukuliwa na upepo, lakini mtu akiteremka polepole nyingi huishia katika breki na rimu, ikawa joto. Joto hilo lote lingeweza kuchemsha karibu lita moja na robo tatu ya maji yaliyo na nyuzi 20. Wenzetu wa Marekani waliliona jambo hili zamani. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na Fairfax katika California, vijana walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki ndani ya habu. Grisi iliungua ikatoka moshi, na baada ya kuteremka walilazimika kufungua habu na kuijaza grisi mpya. Ndiyo maana mashindano hayo yakaitwa Repack, yaani "jaza tena". Katika michezo ile baiskeli ya mlimani ilizaliwa.

Jambo la tatu ni habu. Katika baiskeli nyingi za bei rahisi gia hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Gololi za kulia huwa mbali na ncha ya akseli, na akseli ikabaki ndefu bila mhimili. Mzigo ukizidi inapinda. Habu ya namna ya pili, ambayo Shimano waliileta mwaka 1978, ina ngoma yake yenyewe ya kuvalisha gia, na gololi zimesogezwa karibu na fremu. Hii ndiyo ifaayo mlima na mzigo. Habu ya baiskeli ya mlimani ya gia 8 au 9 hupokea pia gia 7, ukitia pete ya milimita 4.5 nyuma yake. Basi huna haja ya kubadili mnyororo. Ukiinunua kuukuu, izungushe akseli kwa vidole. Ikikwaruza kama ina mchanga, fungua utazame njia ya gololi. Ikiwa na vishimo, usiichukue.

Jambo la nne ni spoki. Kwa mzigo, nyuma chukua 36. Matundu ya habu na ya rimu lazima yawe sawa kwa hesabu: habu ya 36 haiendi na rimu ya 32.

Wengine wataniuliza, "Je, wepesi?" Tuseme umelipa fedha nyingi ukapunguza gramu 300. Mtu na baiskeli yake wana kilo 80. Umepunguza chini ya nusu ya mmoja katika mia. Katika mlima wa dakika 30 umepata kiasi cha sekunde 7, na sekunde 7 hazilipi karo. Watazameni vijana wa ndizi wateremkao barabara ya taifa namba 1 kutoka Bugarama. Hawatafuti gurudumu jepesi, bali lisilovunjika. (Lakini desturi yao ya kushika lori wakati wa kupanda msiiige, imewaua wengi.)

Basi nilichagua gurudumu moja zuri, la nyuma. Nilinunua habu kuukuu iliyo nzima, ya milimita 135, rimu mpya ya alumini ya kuta mbili, na spoki mpya 36, na fundi mmoja mzee wa Buyenzi akalifuma mbele ya macho yangu. La mbele lilikuwa na rimu ya alumini isiyolika, kwa hiyo nililitia grisi na kukaza spoki tu. Fedha iliyobaki ilitosha vipande vipya vya breki na spoki mbili za akiba. Kama rimu yako ya mbele ni ya kromi, au imelika, hesabu yako itakuwa nyingine: anza na hiyo, ukapunguze mzigo wa nyuma mpaka upate fedha tena. Viazi vinaweza kungoja, breki haingoji.

Gurudumu jipya lisisahauliwe. Baada ya kilomita 100 hivi lirudishe kwa fundi, maana spoki mpya hujikalisha na kulegea. Kila juma zipige kwa ukucha kama mpiga inanga apigavyo nyuzi zake. Za upande mmoja zitoe sauti moja. Inayotoa sauti nzito imelegea, ikazwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mazoezi:

1. Tia alama ya chokaa katika tairi lako, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, ukapime urefu huo. Gurudumu lako huzunguka mara ngapi toka nyumbani mpaka shuleni?

2. Mtu, baiskeli na mzigo ni kilo 150. Wakiteremka mita 400, ni jouli ngapi zinazotoka?

3. Spoki za kushoto za gurudumu la nyuma hutoa sauti nzito kuliko za kulia, hata fundi akiwa hodari. Eleza sababu yake.